Kifo Kimeandikwa, na Ubao wa Onyo Pia Umeandikwa



Ndugu zangu katika imani, kila likizo familia zetu zilizotoka Buyenzi na Bwiza zikahamia Marekani na Kanada huwaalika wazee na watoto kuwatembelea. Baadhi yao hupelekwa Orlando, Florida, kwenye zile bustani kubwa za michezo. Sina ugomvi na matembezi hayo. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A.), basi nani atukataze kucheka na watu wetu wa nyumbani? Ugomvi wangu ni na neno ambalo akina baba hulisema wakifika mbele ya ubao wa onyo: "Twende tu, kifo kimeandikwa."

Neno ni la kweli, ila hapo si mahali pake.

Chukua mchezo mmoja maarufu, Mission: SPACE, uliofunguliwa mwaka 2003 katika bustani ya Epcot. Watu wanne hufungiwa katika chumba kidogo, mbele yao skrini inaonyesha roketi ikiruka. Wasichokiona ni kwamba chumba hicho kimeshikwa na mkono wa mashine kubwa inayozunguka kwa kasi. Mzunguko ndio unaowakandamiza kwenye viti, kwa nguvu ya takriban mara mbili na nusu ya uzito wao. Macho yanaambiwa jambo moja, na sikio la ndani, linaloshika mizani ya mwili, linahisi jingine. Ndiyo maana abiria huambiwa waangalie mbele na wasifumbe macho, na mifuko ya kutapikia ikawekwa tayari. Aliyewahi kulewa mawimbi ya Tanganyika ndani ya boti anaelewa, ila boti haimbani mtu kifua namna ile.

Juni 2005 mtoto wa miaka minne alizimia humo akafariki. Uchunguzi ulikuta maradhi ya moyo. Mashine ikakaguliwa, haikuonekana na hitilafu, ikafunguliwa tena. Aprili 2006 mama wa miaka 49 kutoka Ujerumani aliugua baada ya kupanda, akafia hospitalini. Alikuwa amevuja damu kwenye ubongo, na ikaonekana ana presha kali ya muda mrefu. Mwaka huo huo wenye bustani wakaweka njia ya pili isiyozunguka: rangi ya chungwa kwa safari kali, kijani kwa ile ya pole.

Sisemi hata kidogo kwamba wazazi wa yule mtoto walizembea. Maradhi ya moyo hujificha. Watu wengi mno wamepanda wakashuka wakicheka. Lakini sisi tunayoyajua je? Bibi ana vidonge vya presha mkobani, wajukuu wanamvuta mkono, naye anaona aibu kuwavunjia furaha. Mke ana mimba changa, hajamwambia mtu ila mumewe, na mbele ya mashemeji ananyamaza kwa haya. Mume anajua! Na bado anamwita muoga. Mwingine humwambia mtoto asimame kwa vidole vya miguu ili afikie kipimo cha urefu. Huo ni uongo, tena mtoto anafundishwa na babake mwenyewe.

Surat Al-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Shamu akasikia kuna tauni, aligeuza msafara. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Akajibu kwamba anatoka kwenye qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Je, wewe uliyekata tiketi una tawakkul kumshinda Umar?

Wapo wanaosema michezo yote hiyo ni haramu, yamekwisha. Hao nao wanatukwamisha, kwa sababu kijana akishasikia kila kitu ni haramu hasikilizi tena panapokuwa na hatari ya kweli. Mwenye afya, swala haikumpita, sitara yake ipo, apande.

Wanafunzi waliuliza kuhusu kupanda wakiwa wamefunga. Kutapika kukikushinda, wanazuoni wengi wanasema swaumu yako haikuvunjika. Aliyejitapisha kwa makusudi ndiye anayelipa. Sasa wewe unayejijua kwamba hata basi linakutapisha, ukapanda mchana wa Ramadhani na tumbo tupu na koo kavu, muulize sheikh wako uko fungu gani. Mimi ningengoja Idi.

Kwa wenye wazee: muulizeni daktari kabla ya safari, si kwenye foleni. Na hiyo njia ya kijani msiione kama kiti cha bustanini. Nayo ina ubao wake, usomeni kwa sauti, Bibi asikie.

Wabillahi tawfiq.