Nyumba Yetu: Vifaa vya Mzee Aliyefariki

Ndugu yetu mmoja wa Kinampanda, wilaya ya Iramba, atuuliza: marehemu baba yake aliwekewa mlangoni mteremko wa mbao na kishikio cha chuma. Sasa vyaziba njia. Je, avivunje?

Twajibu: asifanye haraka. Kwanza ajue ni vya nani. Kama viliazimwa, ni amana. Virudishwe kwa mwenyewe. Kama vilikuwa mali ya marehemu, ni mirathi, wala mtoto mmoja hana amri juu yake. Hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi hugawana. Na akiwamo yatima, haki yake isiguswe.

Wakisharidhiana, vifunguliwe skrubu moja moja, visipigwe shoka, mashimo yazibwe. Ndugu zetu walioko Uingereza katika nyumba za ghorofa nao hukutwa na jambo hili, kwa kile kiti cha umeme kipandishacho wazee ngazi. Reli yake kwa kawaida hufungwa kwenye vidato, si ukutani. Fundi hukata umeme kwanza, kisha huifungua, na ukuta husalimika.

Kisha tazameni jirani: huenda yuko bibi ashindwaye kuvuka kizingiti. Kilicho kero kwenu ni miguu kwake.

Na nyinyi vijana, kabla ya kufungua hata skrubu ya kwanza, mwulizeni mama yenu. Huenda kishikio hicho ameanza kukishika, akaona haya kusema.