Picha Moja kwa Juma: Wajibu wa Shule za Kajiado

Mali bila daftari, walinena wahenga, huisha bila habari. Methali hii hutajwa sana madarasani panapozungumzwa biashara na uwekaji wa akiba. Ni nadra kuisikia ikitajwa kuhusu mali iliyo kubwa kuliko fedha, nayo ni maisha ya watu ya kila siku. Katika mji wa Kitengela na katika Kajiado kwa jumla, mali hiyo inaisha mbele ya macho yetu, na daftari hakuna.

Hebu tutazame takwimu. Sensa ya mwaka 2009 iliihesabia Kajiado watu 687,312. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa umepita watu 150,000. Uwanda huu wa Athi na Kaputiei, ulio kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyotengwa mwaka 1946, ulikuwa malisho ya mifugo ya Wamaasai na mapito ya wanyama wa porini. Mwaka 1978 nyumbu wa uwanda huu walikaribia 30,000. Kufikia mwaka 2011 hawakufika hata 5,000. Sababu zake si fumbo. Ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 zilianza kugawanywa katika miaka ya 1980. Kila mwanachama alipata hatimiliki yake, wengi wakauza, viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi waliohitaji mahali pa kulala, na seng'enge zikafuatwa na nyumba.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu waliouza wala walionunua. Aliyeuza alikuwa na karo ya kulipa, na aliyenunua alitafuta mahali pa kuwalea wanawe. Tunalosema ni kwamba badiliko kubwa namna hii limepita, na lingali linapita, huku wanaoishi ndani yake wakiwa hawana kumbukumbu yake waliyoiandaa wenyewe. Kwa sababu hiyo tunatoa pendekezo lisilo na gharama kubwa: kila shule ya Kajiado na ipige picha moja kwa juma, picha ya jambo la kawaida, iandikiwe maelezo na kuhifadhiwa.

Huenda msomaji akauliza, kwani hatuna picha za kutosha? Simu za mkononi zimejaa picha. Ni kweli, lakini tuangalie ni picha za nini. Tuna picha za harusi, za mahafali, za wanasiasa wakikata utepe na za mazishi. Tuna pia picha za majanga. Ukame ulipoikumba Kajiado mwaka 2022, mizoga ya ng'ombe ilionekana katika magazeti ya dunia nzima. Picha hizo zilikuwa za kweli na zilihitajika. Hata hivyo, ni wangapi waliopiga picha ya familia ikishusha marobota ya nyasi kutoka garini, au ya mzee akimwinua ng'ombe aliyedhoofika ili asife usiku ule? Janga lilipigwa picha, jitihada ya kulishinda haikupigwa.

Upande mwingine ziko picha za watalii. Kwa zaidi ya miaka mia moja Mmaasai amepigwa picha kuliko watu wengi wa Afrika Mashariki. Tangu enzi za mikataba ya mwaka 1904 na 1911, iliyowahamisha Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya malisho yao, wageni wamekuwa wakipiga picha za morani na mkuki wake, za mama na shanga zake, na za manyata wakati jua linapotua. Nyingi ya picha hizo hazina jina la mtu. Chini yake huandikwa kabila tu, kana kwamba aliyesimama pale hakuzaliwa na mama yake bali na kabila lake. Morani huyo huyo akivua shuka, akavaa sare na kwenda kazini kiwandani, kamera haimtaki tena.

Baina ya janga na kadi ya posta ndimo yalimo maisha yenyewe. Mna punda anayevuta mkokoteni wa mitungi ya maji katika mitaa ambayo mabomba hayajafika. Mna kundi la ng'ombe likivuka barabara ya kuelekea Namanga, na matatu zikisubiri bila hiari. Mna udongo mweusi wa Kitengela wakati wa masika, ambao humfanya mwanafunzi avue viatu na kuvibeba mkononi hadi afike penye changarawe. Mna ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu, "Ploti hii haiuzwi," maandishi ambayo mgeni huyashangaa na mwenyeji huyaelewa vyema, kwa maana anajua idadi ya watu waliotapeliwa. Mna treni ya mizigo ikipita Kajiado katika reli ya Konza na Magadi, na watoto wakihesabu mabehewa.

Mambo haya hayapigwi picha kwa sababu moja tu: tunadhani yatakuwako kesho. Kumbe katika mji unaokua kwa kasi, lililo la kawaida ndilo huharibika upesi. Siku bomba litakapofika mtaani, mkokoteni wa maji utatoweka katika muda wa mwezi mmoja, na hakuna atakayeuandalia sherehe ya kuuaga. Uwanja ambao wavulana wanacheza kandanda jioni hii huenda ukawa na msingi wa nyumba muhula ujao.

Historia ya upigaji picha katika eneo letu yatufunza jambo hili. Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, anakumbukwa kwa picha za njaa ya Ethiopia alizozipiga mwaka 1984, ambazo ziliushtua ulimwengu ukatoa msaada. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na Wakenya wana haki ya kujivunia mwana wao huyo aliyefariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara. Lakini tumkumbuke pia Ranchhod Oza wa Zanzibar, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alipiga picha za watu wa mjini Unguja waliokwenda studioni wamevaa vizuri, na za mitaa yao. Wakati ule hapana aliyeziona kuwa ni historia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wengi wa watu wale walitawanyika, na leo atakaye kujua mji ule ulivyokuwa hana budi kuzirejea picha kama hizo. Amin alikwenda palipokuwa na tukio. Oza alikaa mahali pamoja, na miaka ndiyo iliyoyageuza yale ya kawaida kuwa tukio. Mwalimu wa Kitengela au wa Isinya hawezi kuwa Amin, lakini njia ya Oza i wazi kwake.

Kwa nini basi picha moja, na kwa nini kwa juma? Zamani za filamu, mkanda mmoja ulitoa picha 36, na kusafisha picha kulikuwa na bei. Mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Simu imeondoa gharama hiyo, na fikira imeondoka pamoja nayo. Mtu hupiga picha hamsini za sahani moja ya chakula, kisha hazitazami tena. Mwaka una majuma 52, idadi isiyojaza hata mikanda miwili. Anayelazimika kutoa picha moja tu kwa juma hujifunza kuchagua, na kuchagua ni kupima kipi kina maana zaidi ya kingine. Kila siku ingekuwa mzigo na wengi wangeacha kabla ya mwezi kwisha. Mara moja kwa mwezi, nalo, ni muda mrefu mno, na mambo mengi hupita bila kuonekana. Juma ndicho kipimo kinachoafikiana na ratiba ya shule.

Lakini picha peke yake haitoshi. Picha isiyo na maelezo ni yatima. Baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua ilipigwa wapi, na nani, wala aliyemo ni nani. Kwa hiyo kila picha na iandikiwe sentensi tatu au nne za Kiswahili sanifu: tarehe, mahali, kinachofanyika, na neno lenyewe linalotumiwa na wafanyao kazi hiyo. Hapa ndipo mwalimu wa lugha atakapopata faida asiyoitarajia. Kila anayesahihisha insha anayajua mapambo yanayokaririwa: jua linalochomoza kwa madaha, ndege wanaoimba matawini, methali tano katika aya moja. Mwanafunzi wa Kitengela huandika juu ya bahari asiyowahi kuiona, na hana sentensi hata moja juu ya muuza maji anayepita mlangoni kwao kila asubuhi. Mpe picha aliyoichagua mwenyewe, umwambie aeleze kilichomo na asiongeze kisichokuwamo. Atatambua kwamba hajui jina la kamba inayomfunga punda mkokotenini. Atakwenda kuuliza, na atakaporudi na neno hilo atakuwa amejifunza Kiswahili ambacho hakimo katika kitabu chake cha mazoezi.

Wako watakaosema kwamba walimu wana kazi nyingi, kwamba mtihani hauulizi picha, na kwamba wanafunzi wa shule za bweni hawaruhusiwi kuwa na simu. Hoja hizi zina uzito. Lakini hatusemi kila mwanafunzi awe na kamera. Simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Wanafunzi watapendekeza jambo la kupigwa picha, watajadiliana, mmoja atapiga na wawili wataandika. Kazi hiyo haizidi kipindi kimoja kwa juma. Isitoshe, mtaala wa umilisi umewazoesha walimu kupiga picha kazi za wanafunzi kama ushahidi wa tathmini. Chombo kimo mkononi tayari, kinachohitajika ni kukigeuza kielekee nje ya dirisha.

Iko hoja nzito zaidi, nayo ni heshima ya watu. Kamera si kitu kisicho na madhara. Kupiga picha ya mtu bila idhini yake ni kumnyang'anya kitu, na jamii iliyochoshwa na kamera za wageni inalijua hilo kuliko wengine. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Si maandishi matupu: mwaka 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuzichapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Kwa hiyo mradi huu hauna haja ya kutangazwa mitandaoni. Mwanafunzi na afundishwe kusalimia kwanza, kueleza anachokitaka, kuomba, na kukubali akikataliwa. Aliyepigwa picha aonyeshwe, na ikiwezekana apewe nakala. Mradi huu ukiwafunza vijana adabu hiyo tu, hautakuwa umepotea bure.

Mwisho, kuna suala la kuhifadhi. Picha iliyomo katika simu hufa pamoja na simu, iwe imeibwa, imeanguka majini au imeuzwa. Kila shule na ichapishe picha zake za muhula, izibandike katika daftari gumu, na chini yake yaandikwe maelezo kwa wino. Daftari hilo liwekwe maktabani, na nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine. Majuma ya masomo katika mwaka hayapungui 35. Shule kumi zikidumu miaka kumi, Kajiado itakuwa na picha 3,500, kila moja ikiwa na tarehe, mahali na maelezo. Hakuna ofisi ya serikali wala mtafiti wa kigeni atakayeikusanya hazina hiyo kwa niaba yetu, kwa kuwa hakuna ajuaye kwa nini mtoto amebeba viatu mkononi isipokuwa aliyewahi kuvibeba.

Walimu wa Kajiado wasingoje waraka kutoka makao makuu. Mkuu wa Idara ya Kiswahili anaweza kulianzisha jambo hili kabla ya Ijumaa ijayo, kwa daftari moja na simu aliyo nayo. Picha ya kwanza huenda ikawa na kiza, na maelezo yake yakawa na makosa ya sarufi. Yasahihishwe, ibandikwe, na juma lifuatalo ipigwe nyingine.