Hisabati ni Ngome ya Kisiwa

Zamani ngome ilijengwa kwa mawe na chokaa, na siri za dola zikatiwa sandukuni. Siku hizi siri za serikali, za mabenki na za mahospitali zafungwa kwa hisabati. Kwa sababu hiyo tunaona yafaa leo kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa madaraka, habari za mwanasayansi ambaye jina lake halisikiki sana mabarazani, naye ni Profesa Artur Ekert.

Bwana Ekert alizaliwa mwaka 1961 katika mji wa Wrocław, Poland. Alisoma fizikia Kraków, kisha akaenda Oxford, Uingereza. Huko, mwaka 1991, alipokuwa akimaliza masomo yake ya udaktari, alichapisha makala fupi iliyoonyesha njia mpya ya watu wawili kugawana ufunguo wa siri. Kila mmoja hupelekewa chembe moja ya nuru kutoka katika jozi ya chembe zilizofungamana. Wakizipima, majibu yao huoana kwa namna isiyoweza kuelezwa kwa mapatano yaliyofanywa kabla, kama alivyobainisha John Bell mwaka 1964. Akitokea mpelelezi akazichungulia njiani, kuoana huko hupungua, na wenye siri wakilinganisha sehemu ya majibu yao humtambua.

Ni kweli kwamba Charles Bennett na Gilles Brassard walikwisha kubuni njia nyingine mwaka 1984. Lakini ni Ekert aliyeichukua kanuni ya Bell, ambayo wengi waliidhani kuwa ni mjadala wa wanafalsafa tu, akaifanya bawabu wa mlango. Mwaka 2020 wanasayansi wa China walitangaza kwamba wamegawana ufunguo kwa chembe zilizofungamana, zilizotumwa na satelaiti kwenye vituo viwili vilivyo umbali wa kilomita 1,120.

Mambo haya yanatuhusu nini? Makufuli mengi yanayolinda maandishi ya dunia yametegemea ugumu wa kuitafuta asili ya namba kubwa mno iliyopatikana kwa kuzidisha namba mbili. Mwaka 1994 Peter Shor wa Marekani alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikijengwa kubwa ya kutosha, italifumbua fumbo hilo kwa wepesi. Mwaka huo huo Ekert aliwahutubia wataalamu wa atomu waliokutana Boulder, Marekani, akawaeleza ugunduzi huo. Na mwaka uliofuata Ignacio Cirac na Peter Zoller wakatoa shauri la namna ya kuijenga mashine yenyewe.

Mashine kubwa kiasi hicho bado haijapatikana. Hata hivyo, mwizi mwenye subira aweza kuyanakili maandishi yetu leo, akayahifadhi, akayafungua siku atakapoipata. Hati za ardhi, vyeti vya kuzaliwa na rekodi za wagonjwa ni amana ya miaka mingi. Mwezi wa Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa viwango vitatu vya kwanza vilivyokamilika vya makufuli mapya yaliyokusudiwa kuistahimili kompyuta hiyo. Nayo hayahitaji satelaiti wala maabara ya gharama kubwa. Yanahitaji watu wanaoelewa hisabati yake.

Hapa ndipo penye somo kubwa katika maisha ya Profesa huyu. Mwaka 2007 aliongoza kuanzishwa kwa Kituo cha Teknolojia za Kwanta katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, akawa mkurugenzi wake hadi mwaka 2020. Singapore ni nchi ya kisiwa ambayo eneo lake ni dogo kuliko la Pemba, na sehemu ya maji yake huyanunua kwa jirani. Haikukitaka kituo hicho kilete faida keshoye. Ilikipa fedha, nafasi na muda. Mwaka 2024 serikali yake ilitangaza mpango wa kutumia karibu dola milioni 300 za huko katika muda wa miaka mitano kuiendeleza elimu hiyo. Mchumia juani hulia kivulini.

Ekert ni mwalimu vilevile. Mihadhara yake ya utangulizi, na kitabu alichokiandika pamoja na wenzake, vimewekwa wazi katika intaneti bila malipo. Anayetaka kuanza hatakiwi kuwa na mtambo wowote; atakiwa kuzijua namba changamano, vekta na kanuni za uwezekano, yaani mambo yanayoanzia katika darasa la hisabati la kidato cha tano na cha sita.

Watakuwapo watakaosema kuwa nchi yenye upungufu wa madawati haina haja na elimu ya kwanta. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini hatuikubali. Ghana, ambayo nayo ina upungufu wake, ndiyo iliyowasilisha Umoja wa Mataifa pendekezo la kuufanya mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa sayansi hiyo. Na hapa kwetu Unguja, tuna Chuo Kikuu cha Taifa, na tangu mwaka 2023 tuna tawi la chuo cha teknolojia cha Madras, India. Milango ipo, walakini mlango hauna faida ikiwa mtoto wa shamba amefika kidato cha nne bila ya kupata mwalimu wa hisabati.

Kwa hiyo basi, twawaomba wakuu wetu mambo matatu. Kwanza, mwalimu wa hisabati apewe heshima na nyumba, Micheweni kama Mjini. Pili, kila wizara iorodheshe kumbukumbu zake zinazopasa kubaki siri kwa miaka 20 au zaidi, na ijue zimefungwa kwa kufuli gani. Tatu, vijana wachache wapelekwe kuisomea elimu hii, na wakirudi wapewe kazi waliyoisomea, si kuwekwa nyuma ya meza kugonga mihuri.

Asiyejenga ngome yake mwenyewe hukaa katika ngome ya mwenzake, na funguo anazo mwenye ngome.