Taa ya kuonea na taa ya kuonwa

Alfajiri moja ya mwezi wa Julai nilikuwa nikiendesha gari kwenda chuoni, yapata saa kumi na moja na nusu, ukungu wa Limuru umetanda kote, nilipolazimika kukanyaga breki kwa ghafla. Mbele yangu palikuwa na vitu viwili vyeupe vikipanda na kushuka kwa zamu. Vilikuwa soksi. Mwenye soksi hizo alikuwa mvulana wa shule ya upili, juu ya baiskeli isiyo na taa, sweta yake ya buluu iliyokolea, suruali ya kijivu, mkoba mweusi mgongoni. Tulinusurika sote wawili. Sijui ni nani aliyezifua soksi zile, lakini hadi leo namshukuru.

Kijana yule hakuwa na kosa la kuwa barabarani saa hizo. Jijini Nairobi jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili, na Kisumu huchelewa kwa dakika kama nane zaidi, ilhali mwanafunzi wa kutwa, muuza maziwa na mwanariadha wa Iten au Kaptagat huwa wamekwisha kutoka nyumbani. Jioni nayo haina subira katika nchi yetu iliyokatwa na ikweta. Giza huingia mara tu jua linapozama.

Nimepata kuwauliza watu kadhaa wa aina hii ni taa gani wanayotafuta, na aghalabu jibu huwa moja: taa kali. Hapa naomba msomaji aniwie radhi nirejelee somo langu. Kitenzi kuona huzaa kuonea na kuonwa. Taa ya kuonea humwonyesha mwenyewe shimo lililo mbele yake. Taa ya kuonwa humwarifu dereva kwamba mbele yake kuna mtu. Wengi wetu hutumia fedha zote kwa ile ya kwanza, ingawa anayeweza kutuua ni yule asiyetuona. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humeza mita 22 kila sekunde. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, akimulikwa kwa taa zilizoinamishwa, huonekana gari likiwa limekwisha kumkaribia mno.

Kwa hiyo mwendesha baiskeli mwenye fedha kidogo na aanze nyuma, kwa taa ndogo nyekundu, kisha utepe wa rifleketa vifundoni. Vifundo, si mgongo peke yake, kwa maana miguu inayozungusha pedali hutambulika upesi kuwa ni ya binadamu, kama soksi za yule kijana zilivyonifunza. Mkimbiaji akimbie upande wa kulia, akiyakabili magari, na kwake taa ya mbele ndiyo muhimu zaidi.

Taa ya kuonea ndiyo yenye ulaghai mwingi madukani. Kiasi chote cha mwanga utokao katika taa hupimwa kwa lumeni. Kiasi kinachoangukia mahali fulani hupimwa kwa luksi. Taa inayotawanya lumeni nyingi hadi vileleni mwa miti yaweza kumulika barabara vibaya kuliko ndogo inayoelekeza mwanga wake chini. Nionavyo mimi, lumeni 200 hadi 400 za kweli zamtosha mwendesha baiskeli katika barabara isiyo na taa, na mkimbiaji hahitaji hata hizo. Boksi likikuambia 50,000 kwa bei ya chakula cha mchana, lirudishe. Tazama na betri. Ile ya chaji iitwayo 18650 hubeba vipimo vyake katika jina, upana milimita 18 na urefu milimita 65, na zilizo bora kabisa huhifadhi takriban miliampea-saa 3,500. Aliyechapisha 9,900 juu yake ametunga riwaya. Alama ya IPX4, kwa upande mwingine, ina maana: taa yahimili maji yanayoirukia kutoka kila upande, nayo masika yetu hayamsubiri mtu afike nyumbani.

Wapenzi wa taa za kichwani wajue kwamba katika ukungu mwanga unaotoka karibu na macho humrudia mwenyewe kama ukuta mweupe. Taa iliyofungwa kiunoni huweka vivuli, na kivuli ndicho kinachofichua shimo. Na mwenye taa kali aiinamishe, kwani kuonea kuna maana nyingine ambayo kila Mswahili aijua: anayewapofusha wenzake barabarani anawaonea.

(Mwanga nao una maana ya pili, yaani mchawi wa usiku. Kule magharibi mwa nchi, mtu akionekana anakimbia gizani bila taa, majirani hawadhanii kwamba anajiandaa kwa Olimpiki.)

Lakini mwanafunzi hajichagulii mavazi. Sare nyingi za shule zetu ni za rangi iliyokolea, kwa hoja kwamba hazionyeshi uchafu, na kwa bahati mbaya hazimwonyeshi mtoto pia. Najua mzazi amelemewa na karo, wala sipendekezi kila mtoto anunuliwe taa. Utepe wa rifleketa, ule ule ulio kwenye vizibao vya wahudumu wa bodaboda, huuzwa kwa mita na kushonwa na fundi yeyote. Kipande cha shubiri moja mkobani na kingine kwenye kila mguu wa suruali hakimfilisi mtu. Nilimdokezea jambo hili mwalimu mkuu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi. Alisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kwamba utepe ungeharibu sura ya sare. Nikamwuliza wanafunzi wake huvaa soksi za rangi gani.

Nyeusi, akasema.