Juya Liondoke Ghuba ya Chwaka

Inapoingia demani, na kusi iliyovuma tangu masika ikalegea hata bahari ya mashariki ya Unguja ikapoa, Ghuba ya Chwaka hujaa wavuvi wa kila namna, wala si ajabu, kwani maji yake ni haba, na bamvua ikipwa huacha wazi mafungu ya mchanga na nyanda za majani ya bahari ambazo mtu aweza kuzipita kwa miguu.

Majani hayo ndiyo mali ya ghuba. Tasi huyala, changu na pono wadogo hujificha humo hata wakawa wakubwa wa kutoka kwenda miambani, na upande wa kusini imesimama mikoko ambayo tangu 2004 imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Dema lililosukwa kwa fito huteremshwa juu ya majani hayo likangoja, samaki akaingia mwenyewe, na mvuvi arudipo humkuta yu hai, hivyo aliye mchanga aweza kurudishwa majini akaishi. Juya la kukokota halina insafu hiyo: huburutwa sakafuni mwa bahari huku watu wakipiga maji ili samaki watishike, likang'oa majani na mizizi yake, likazoa na vitoto ambavyo sokoni havina thamani.

Sheria imekwisha kulikataza, na bado linakokotwa. Hujibiwa kwamba vijana hawana rizki nyingine, na jawabu hilo si la kudharauliwa, kwa kuwa wengi wao hawamiliki chombo wala wavu, bali huvuta juya la tajiri kwa fungu dogo la samaki wapatikanao. Lakini kwa sababu hiyo hiyo dhima yapasa imwangukie mwenye juya aliye nchi kavu, si yule anayetetemeka majini. Na Serikali, badala ya kuchoma nyavu kisha ikaondoka, iwakopeshe vijana hao mtaji wa madema na ngalawa kabla demani haijaanza.

Na dema nalo lisisazwe. Siku hizi husukwa mengine yenye matundu membamba mno, ambayo hata kitoto cha tasi hakipenyi. Hayo yapimwe pwani na kamati za wavuvi wenyewe, na lisilofaa lisiteremshwe.