Houston: ruhusa ya pekee haitoshi kumlinda anayetembea kwa miguu

Mjini Houston, Marekani, sheria ya ujenzi ilidai majengo ya kando ya barabara kubwa yaache nafasi ya futi 25, karibu mita 7 na nusu. Mara nyingi nafasi hiyo iligeuka maegesho, na mwenda kwa miguu akalazimika kupenya kati ya magari ili afike dukani.

Aliyetaka kujenga karibu zaidi aliomba ruhusa ya pekee kwa tume ya mipango ya mji. Masharti si mepesi: kizuizi kisitokane na mwombaji mwenyewe, usalama wa watu usihatarishwe, na hasara ya pesa peke yake haitoshi kuwa sababu.

Mwaka 2020, halmashauri ya mji ilipitisha kanuni mpya kwa barabara zilizochaguliwa, ikiwemo Emancipation Avenue: majengo yasogee mbele, njia ya waenda kwa miguu ipanuliwe.

Ruhusa ya pekee humfaa mwenye kiwanja kimoja, hasa anayeweza kulipa wataalamu. Wengi wanapoomba kwa sababu ile ile, kasoro iko ndani ya sheria. Kwa Goma na Bukavu, ambako wakaaji wengi hutembea kwa miguu, njia yao ipimwe kwanza, ndipo kibali cha kujenga kitolewe.