Je, Tuubadili Mfumo wa Kompyuta ya Shule?

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Tangu hapo swali limeingia hata katika ofisi za shule: je, tuhamie Windows 11? Kwa maoni yangu, mwalimu asiulize kwanza umri wa mfumo, bali kazi ya mashine.

Ndugu mwanachuo, ukipangiwa Mbaha, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, huenda ukakuta kompyuta moja tu, tena kuukuu, ya kuchapia mitihani na kutunzia alama. Windows 11 yadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Aidha, kuupakua mfumo huo hula gigabaiti kadhaa. Nani atalipia kifurushi? Aghalabu ni mwalimu mwenyewe.

Mashine isiyounganishwa na intaneti yaweza kubaki na Windows 10, mradi flashi zichunguzwe. Flashi iliyopitia duka la steshenari huko Mbamba Bay yaweza kuleta virusi bila intaneti yoyote. Ile inayounganishwa, lakini haikidhi masharti, naona heri iwekewe Linux, isiyodai malipo, ingawa majedwali yaliyochapwa kwa Word huweza kuvurugika kidogo.

Kabla ya yote, alama zinakiliwe kwenye flashi mbili, na daftari la alama lisitupwe. Kazi yenyewe ifanywe likizoni, kamwe si wiki ya mitihani.